Laki tano ya kushikilia IST

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata Segerea, na kazi yangu ni mapishi ya shughuli: harusi, hitma, vikao vya maofisini. Nina gari, Toyota Vitz namba B (yaani herufi ya usajili kwenye kibao), ambayo imeshachoka. Masufuria hayaingii, na kila mwezi nipo gereji. Baba watoto yuko Mtwara kikazi. Tumekubaliana niuze hii Vitz, tuongezee akiba yetu, tununue Toyota IST.

Yeye anataka kila kitu kipitie kwa mdogo wake, shemeji yangu, dalali wa magari Kinondoni. Shemeji ameniletea IST namba D ya yadi, milioni 13, anasema hapo haishuki hata mia. Mimi nikaingia mwenyewe mtandaoni. Usiku watoto wakishalala nipo Instagram na Jiji, ile tovuti ya matangazo ya mauzo. IST za namba D nazikuta milioni 11, milioni 12. Halafu nikakutana na moja nyeupe, cc 1490, namba E, milioni 8 na nusu! Tangazo linasema: "Mali ya mtumishi, anahamia Dodoma. Gari haidaiwi, AC kama friji, taimingi belti mpya, injini haijaguswa. Bei ya kutupa, usumbufu hapana."

Nikapiga. Mstaarabu kweli, ananiita dada. Anasema yeye ameshafika Dodoma, gari liko Bunju kwa mdogo wake, na kuna wateja wengine wawili wanalililia, ila mimi akiona nina nia ataniwekea, nitume laki tano ya kushikilia. Amenitumia picha nane, video ya injini ikiunguruma, na picha ya kadi ya gari, lakini jina amelifunika, anasema ni kwa usalama wake. Shemeji nilipomwonyesha alicheka, akasema huyo tapeli, rudi yadi. Sasa Mjomba, shemeji naye ana chake pale yadi. Nimwamini vipi?

Na Vitz imepata mteja wa Chanika. Anataka anipe milioni tatu leo, milioni mbili baada ya miezi miwili, aondoke na gari, kadi nibaki nayo mimi. Shoga yangu naye ananiambia niachane na wote hawa niagize mwenyewe Japani, ameona IST ya dola 1,800.

Huyu wa Bunju amenipa hadi Jumamosi. Nisaidie.

Mama Salha, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Laki tano usitume. Nimeanza na hilo kwa sababu ya Jumamosi yako. Mengine tutazungumza taratibu.

Hilo tangazo lenyewe linamsuta mwenyewe. Injini za IST ya kwanza, ile iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ni 2NZ ya cc 1290 na 1NZ ya cc 1490, na zote mbili zinatumia cheni ya taimingi. Mkanda hazina. Mtu anayejisifu kwamba amefunga belti mpya ya taimingi kwenye IST, ama ameibiwa na fundi wake, ama amenakili tangazo la gari jingine akabadilisha jina tu. Na huyu anasema pia injini haijaguswa! Belti ilifungwaje?

Halafu hiyo namba E. Watu wengi wanadhani herufi ya namba inaonyesha umri wa gari. Inaonyesha lilisajiliwa lini hapa Tanzania, basi. IST ya 2004 iliyoshuka bandarini juzi itapewa namba ya juzi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, na ndio unaotazamwa na TRA kwenye kodi. Hapo ndipo hesabu ya milioni 8 na nusu inapokataa, tena hapohapo ninamjibu shoga yako wa Japani.

Dola 1,800 aliyoiona, kama ni bei ya FOB, ni bei ya gari likiwa bado kwenye bandari ya Japani. Ongeza meli na bima ndipo upate CIF, yaani gari limefika Dar. Tuseme limefika hapa na thamani ya milioni 7. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, asilimia 5. Gari limepita miaka 10? Ushuru wa uchakavu, asilimia 30. Juu ya yote hayo VAT asilimia 18. Ushuru wa bidhaa na wa uchakavu unapigwa juu ya thamani iliyokwishaongezwa ushuru wa forodha, na VAT juu ya jumla yote, kwa hiyo ukimaliza unakuta kodi peke yake inakaribia hiyohiyo milioni 7, na bado hujalipa tozo ndogondogo, gharama za bandari na wakala wa forodha. Na TRA hawakutozi kwa kuamini risiti yako. Wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kiko wazi kwenye tovuti yao. Chagua aina, modeli, mwaka na cc, utaona kodi kabla hujatuma hata senti. Viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni, hivyo kikokotoo ndicho cha kusikiliza, si mimi wala dalali.

Kwa hiyo jiulize: mtu aliyelisajili gari karibuni kwa gharama hizo analiuza kwa milioni 8 na nusu, chini ya namba D zote ulizoziona. Anakupenda kwa lipi?

Hadithi ya mtumishi anayehamia Dodoma nayo imechaguliwa vizuri. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wamehama kweli, na wapo waliouza magari na makochi. Tapeli mzuri huazima ukweli wa wengine. Ndiyo maana hukushtuka kusikia mwenye gari yuko mbali, gari liko kwa mtu mwingine, na hela inatakiwa kwa njia ya simu. Vitu vitatu vinavyotakiwa kukaa sehemu moja yeye amevitawanya mikoa miwili.

Sasa kadi. Hapa nataka uwe makini, maana linakuhusu pande zote mbili, kununua na kuuza. Picha ya kadi unayotumiwa WhatsApp haithibitishi chochote. Mara nyingi ni kadi halali kabisa, ya gari halali, ya mtu mwingine. Kuna mama kama wewe mahali fulani alitangaza gari lake, "mteja" akamwambia amtumie kadi ahakikishe, akaituma. Tangu siku hiyo gari lake linauzwa na watu asiowajua, kwa picha zake mwenyewe. Wewe unayeuza Vitz, picha ya kadi usimpe mtu. Anayetaka kuiona aje aione mkononi mwako, akiwa amesimama mbele ya gari.

Kama bado moyo unakuvuta kwa huyo wa Bunju, mpime bila hela. Mwambie akutajie namba ya gari nzima, na zile herufi za mwanzo za namba ya chasisi. IST ya cc 1290 huanza na NCP60, ya cc 1490 ni NCP61, ya magurudumu manne NCP65. Akikwambia cc 1490 na chasisi ikasoma NCP60, umemaliza kazi. Chukua picha zake uziingize kwenye Google Lens uone kama hazijawahi kutumika kwenye tangazo la mji mwingine. Kisha omba huyo mdogo wake akupigie simu ya video sasa hivi, azunguke gari, afungue boneti, akuonyeshe namba ya mbele na ya nyuma. Video iliyorekodiwa si kitu. Na mwisho kabisa mwambie kesho unapanda daladala unakwenda Bunju. Sikiliza atakavyojibu. Atakuwa na msiba.

Ukiwa na namba ya gari lolote, liwe la huyu au la yadi, kuna vya kuangalia bila kuondoka nyumbani. Mfumo wa Polisi wa usalama barabarani, tms.tpf.go.tz, utakuonyesha faini zinazodaiwa. Kosa moja ni shilingi 30,000, na gari lililokuwa kwenye teksi za mtandao linaweza kuwa na lundo. Mfumo wa TARURA utakuonyesha deni la maegesho, ambalo watu wengi hulisahau kwa sababu siku hizi hakuna anayebandika karatasi kwenye kioo. Mfumo wa TIRA unaonyesha kama bima ni hai au stika ni ya kuchonga. Madeni ukiyakuta usikimbie gari. Yaandike, yatoe kwenye bei, au muuzaji ayalipe mbele yako. "Gari haidaiwi" ni maneno ya kila tangazo.

Lakini hakuna hata kimoja katika hivyo kitakachokwambia gari ni la nani. Hilo linajulikana kwa kadi halisi, kitambulisho cha NIDA cha mtu aliyesimama mbele yako, na TRA. Jina la kadi, jina la NIDA na jina la akaunti unayoingizia hela viwe kitu kimoja. Ukiambiwa kadi iko benki, maana yake gari limeshikwa na mkopo. Ukiambiwa kadi ni ya marehemu kaka, dai barua za usimamizi wa mirathi za mahakama. Ukiambiwa jina ni la mmiliki wa kwanza kwa sababu "hatukubadilisha tu", mmiliki wa kwanza aje. Wauzaji wa kweli hukasirika kidogo ukisema hivi, halafu wanakuja.

Ulilolifanya usiku watoto wakiwa wamelala ni jema, endelea nalo. Bei za mtandaoni ni bei za kuomba, si za kuuzia. Chukua daftari, andika IST kumi za mwaka unaofanana na cc inayofanana, piga simu nne au tano uulize bei ya mwisho, na rudi baada ya wiki mbili uone zipi bado zipo. Iliyokaa muda mrefu mwenyewe ameshachoka, hapo mnaongea. Hiyo daftari ndiyo utakayokaa nayo mezani na shemeji.

Shemeji wako kuhusu tapeli amesema kweli, mpe haki yake. Kuhusu milioni 13 naona ana cha juu, yaani hela aliyojiongezea kwenye bei. Sio dhambi, ndio mkate wa dalali, lakini cha juu ambacho hukijui ukubwa wake kinaumiza. Mwite nyumbani, mpikie, maana hilo unaliweza, umwambie wazi: shemeji, nitafutie gari la mtu binafsi kati ya hizi bei nilizoandika, ujira wako ni kiasi hiki nitakupa mimi mkononi, cha juu hakuna. Baba watoto awe kwenye simu akisikia. Dalali mwenye macho, anayelipwa na wewe, ni mtu mzuri wa kuwa naye. Anajua gari lipi limezunguka Kinondoni nzima bila kununuliwa na kwa nini. Akikataa mpango huo, umejua yuko upande gani, na ndoa yako haijaguswa.

Fundi asiwe wa shemeji. Nenda na huyo wa gereji yako aliyekuzoea. Nendeni asubuhi, mkamwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hamjafika. Injini ikiwa baridi haifichi moshi wala mlio. Gari lipandishwe kwenye lifti, fundi alione tumbo; Dar ni pwani, chumvi inakula chuma, na magari mengine yanatoka Japani sehemu za theluji wanakomwaga chumvi barabarani, yanafika hapa yakiwa na kutu tayari. Na kwa mji wetu kuna jambo la masika. Kila mwaka kuna magari yanayolala majini mabondeni, Jangwani na kwingineko, yanaoshwa, yanapulizwa marashi, yanaingia mtandaoni. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake uone kama una mstari wa tope. Angalia reli za viti chini. Inua zulia la buti pale tairi la akiba linapokaa. Gari linalonukia sana liulize maswali mengi.

Kilometa usizisome. Kuzirudisha nyuma ni kazi ya mchana mmoja. Tazama pedeli ya breki, usukani na kiti cha dereva: gari la kilometa elfu sitini halina pedeli iliyolika mpaka chuma. Wakati mwingine kuna karatasi ndogo ya kubadilisha oili imebandikwa kwenye nguzo ya mlango, na muuzaji amesahau kuibandua. Nimeona deshibodi ikisema kilometa elfu 70 na karatasi ikisema elfu 160. Na fundi alinganishe namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kadi, tarakimu kwa tarakimu, kisha namba ya injini. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi haijui, litakusumbua wewe siku ya kuuza.

Siku ya kulipa, mkutane benki mchana kweupe, mkataba umeandikwa na wakili, nakala za vitambulisho na TIN za wote wawili zimeambatanishwa. Toka hapo nendeni TRA siku hiyohiyo kuanza kubadilisha umiliki. Usikubali "tutaenda wiki ijayo".

Nikuulize kitu, mwanangu. Kwa nini IST? Unabeba masufuria ya shughuli, halafu unanunua kigari chenye buti la begi la shule. Naona mtaani kila mtu anaitaka IST kwa sababu inauzika haraka, na hiyo ndiyo inayoipandisha bei. Tazama Toyota Raum ya toleo la pili: injini ya 1NZ ileile ya cc 1490, spea zilezile za maduka ya Gerezani, na milango ya nyuma ya kusukuma inayokupa nafasi ya kuingiza sufuria bila kulipindisha. Tazama Succeed pia. Haina sura, ina sakafu ndefu nyuma. Wakati unajaza daftari lako, zipe hizi mbili kurasa zake. Huenda ukabakiwa na hela ya meko.

Kuagiza Japani sikukatazi, ila si kwa ajili ya bei ya dola 1,800, na si kwa mtu anayehitaji gari mwezi huu. Meli peke yake ni kama mwezi hadi mwezi na nusu. Ukija kuagiza, dai karatasi ya mnada ya gari husika, uisome daraja lake. R au RA ni gari lililowahi kugongwa likarekebishwa. Na hela uitume kwenye akaunti yenye jina la kampuni ile ile ya kwenye ankara. Barua pepe ikija katikati ya safari kusema "tumebadilisha benki", wapigie simu kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, si iliyo kwenye hiyo barua.

Mteja wa Chanika mwambie hapana. Kadi kubaki kwako inaonekana ni ulinzi, lakini gari likiwa barabarani kwa jina lako, faini zinakuja kwako, na akigonga mtu polisi wanamtafuta mwenye jina. Miezi miwili inatosha pia gari kuchunwa spea likarudi ganda. Kama kweli ana nia, alipe kidogokidogo kwa maandishi na Vitz ikae uani kwako mpaka shilingi ya mwisho. Akija kujaribu, panda naye, funguo zibaki kwako mkishuka. Akikwambia ameshalipa, usitazame ujumbe wa simu wala karatasi anayokuonyesha, fungua akaunti yako uone salio. Kwenye mkataba andikeni tarehe na saa ya kukabidhiana, ili kosa la saa kumi jioni lisiwe lako kama gari limeondoka saa tano asubuhi.

Namba ya huyo ndugu wa Bunju iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, ni kwa mitandao yote. Picha za mazungumzo yenu usizifute kwanza, na jina la tangazo liandike mahali. Kama kuna mwenzako ameshamtumia laki tano, atazihitaji polisi.